Suti Iliyowatoa Mabaharia Kambini

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam mbele ya mafundi cherehani, wanafunzi wa ubunifu wa mavazi na wazazi wao. Wengi waliokosa kufika wameniomba niiweke, nami naiweka yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, wanafunzi, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja.

Nimeombwa niongee juu ya vijana na mitindo. Nimeamua kuongea juu ya suti moja. Ilishonwa zaidi ya miaka 80 iliyopita, mbali sana na hapa, na iliwatoa mabaharia wa jeshi kambini usiku, marungu mkononi, kwenda kuwavua nguo watoto wa watu barabarani. Nataka tujiulize pamoja: suti inawezaje kumkasirisha mtu kiasi hicho? Na je, ni suti kweli iliyomkasirisha?

Mafundi, tuanze na kazi yenyewe, maana ninyi mtaielewa kuliko wote. Koti lake ni refu, linashuka kuelekea magotini. Mabega ni mapana, yamejazwa pedi. Suruali imepanda juu mno ya kiuno, ina marinda mbele, ni pana kwenye goti, halafu inabanwa ghafla kwenye kifundo cha mguu. Juu kuna kofia ya ukingo mpana, na pembeni unaning'inia mnyororo mrefu wa saa. Malcolm X, mpigania haki za Weusi wa Marekani, alipokuwa bado kijana wa mitaani akiitwa Malcolm Little, alinunua ya kwanza kwa mkopo mjini Boston. Alisimulia mwenyewe vipimo vyake: rangi ya buluu ya anga, goti inchi 30, chini inchi 12. Fundi yeyote aliyekaa hapa anajua kazi ya kushuka kutoka 30 hadi 12 katika mguu mmoja bila suruali kupoteza umbo. Aliyeishona alikuwa fundi hasa.

Suti hiyo iliitwa zuti. Ilitokea kwenye kumbi za dansi za Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa vijana Weusi waliocheza muziki wa jazi hadi alfajiri. Mwanamuziki Cab Calloway aliivaa jukwaani. Ikasafiri na wanamuziki na vibarua hadi Detroit, Chicago, mwishowe Los Angeles. Huko ikapokelewa na vijana wa Kifilipino, na zaidi ya wote, watoto wa wahamiaji kutoka Mexico. Vijana hao waliitwa mapachuko. Dada zao hawakubaki nyuma: walivaa koti refu la kiume juu ya sketi fupi, wakazipandisha nywele juu ya paji la uso, wakapaka rangi ya mdomo iliyokoza. Kwa lugha ya vijana wetu, walipiga pamba.

Sasa ulizeni swali ambalo wazazi wao waliuliza. Mtoto wa kibarua, anayelala chumba kimoja na ndugu zake wanne, kwa nini anunue suti yenye kitambaa cha suti mbili?

Ili kumjibu mzazi huyo inabidi tuujue mji ule. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo wa uchumi, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Mexico walishinikizwa kurudi ng'ambo ya mpaka, na wengi wao walikuwa raia waliozaliwa Marekani. Waliobaki waliishi kwa masharti. Mjini Pasadena, jirani na Los Angeles, bwawa la kuogelea la Brookside liliwaruhusu wasio Wazungu siku moja kwa wiki. Siku hiyo ikiisha, maji yote yanamwagwa na bwawa linasuguliwa. Fikiria wewe ni mtoto wa miaka 10. Umeogelea, umefurahi, unajikausha. Unaona maji uliyoyagusa yanamwagwa.

Mtoto huyo akifika miaka 17 ameshafundishwa jambo moja kila siku: jibane, usionekane, pita pembeni. Naye anakwenda kwa fundi na kuagiza koti lenye mabega yatakayojaza mlango. Anaagiza suruali ambayo huwezi kuacha kuiona. Hajaandika waraka, hajapanda jukwaani. Amevaa. Na mji mzima umeelewa alichosema, ndiyo maana mji mzima umekasirika.

Ndugu zangu, msidhani watawala walianza jana kuzisoma nguo. Koloni la South Carolina lilitunga sheria mwaka 1740 iliyotaja aina za vitambaa duni anavyoruhusiwa mtumwa kuvaa. Akikutwa na kizuri zaidi, kinachukuliwa. Mwaka 1786 gavana wa Louisiana, Esteban Miró, akawaamuru wanawake wenye damu ya Kiafrika wafunike nywele zao kwa kitambaa, kwa sababu walipendeza mno machoni pa wanaume wa Kizungu. Wanawake wa New Orleans wakatii. Wakachagua vitambaa vya rangi kali kuliko vyote, wakavifunga vilemba virefu, wakavipamba kwa vito. Amri iliyotolewa kuwashusha ikawa urembo ambao wanawake wa Kizungu nao waliuiga.

Na hapa kwetu? Mnaijua merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliishusha Zanzibar kwa marobota tangu miaka ya 1830. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari, ikavaliwa na watumwa wa Unguja na pwani hii. Ndugu wawili waliotenganishwa na bahari, mmoja akichuma, mwingine akivaa, bila kujuana. Merikani, na kaniki iliyotiwa weusi, zilikuwa alama. Mtumwa hakutakiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake, wala kuvaa viatu. Amri ya kufuta utumwa ilipotoka Zanzibar mwaka 1897, wengi hawakungoja cheti. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakaitupa kaniki na kujifunga kanga za maua, za rangi, kila toleo jipya likigombewa. Ningependa mwanafunzi yeyote anayeudharau ufundi wa nguo alikumbuke hilo: watu walipokuwa huru, jambo la kwanza walilolishika kwa mikono yao lilikuwa nguo.

Turudi Los Angeles. Desemba 1941 Marekani inaingia vitani. Februari 1942 Rais Roosevelt anatia saini amri iliyowaondoa watu wenye asili ya Japani majumbani kwao pwani ya magharibi, zaidi ya 110,000, wakapelekwa makambini. Mwezi uliofuata serikali inabana matumizi ya sufu: makoti yafupishwe, marinda yaondolewe, mikunjo ya chini ya suruali iachwe. Zuti sasa haiwezi kushonwa kihalali. Mafundi wengine wakaendelea kuishona kimyakimya. Magazeti, yaliyokuwa yakiwaandama Wajapani, yakageukia wavaa zuti. Wasaliti, yakasema. Wahuni. Wanavaa kitambaa cha askari.

Agosti 1942 kijana aliyeitwa José Díaz alikutwa mahututi karibu na bwawa la kumwagilia mashamba, na akafa. Vijana wa Kimexico waliogelea pale kwa sababu mabwawa ya mji yaliwafukuza. Magazeti yaliliita bwawa hilo Sleepy Lagoon. Polisi wakazoa vijana wapatao 600. Ishirini na wawili wakashtakiwa kwa pamoja, chumba kimoja, kesi moja, wakikalishwa mbali na mawakili wao. Ofisa mmoja wa polisi, Ayres, aliliambia baraza la mashtaka kwamba watu hawa wana kiu ya damu waliyoirithi kwa Waazteki, watu wa kale wa Mexico.

Na nguo zao? Hili naomba mlisikie vizuri. Siku za mwanzo za kesi, vijana wale walikatazwa kubadilisha nguo na kukata nywele. Upande wa mashtaka ulitaka wazee wa baraza wawaone hivyohivyo, wachafu, nywele ndefu, suti zimekunjamana. Hakukuwa na kisu kilichopatikana mkononi mwa mtu, hakukuwa na shahidi aliyeona pigo. Palikuwa na suti. Januari 1943, kumi na wawili wakapatikana na hatia ya mauaji na watano ya kushambulia. Baadhi ya wasichana waliokuwa pamoja nao walipelekwa shule ya marekebisho bila kutiwa hatiani kwa lolote. Mwandishi na mwanasheria Carey McWilliams na wenzake wakaunda kamati ya kuwatetea, na Oktoba 1944 mahakama ya rufaa ikafuta hukumu zote. Vijana wale walikuwa wameshakaa gerezani karibu miaka miwili.

Kabla ya rufaa, mji uliwaka. Usiku wa tarehe 3 Juni 1943, mabaharia wapatao 50 walitoka kambini kwao Chavez Ravine wakiwa na marungu na mikanda. Waliingia katika ukumbi wa sinema ulioitwa Carmen, taa zikawashwa, wakapita mstari kwa mstari wakitafuta zuti. Miongoni mwa waliopigwa na kuvuliwa walikuwamo wavulana wa miaka 12 na 13. Kesho yake mabaharia wapatao 200 wakakodi msururu wa teksi kwenda mitaa ya mashariki, mitaa ya Wamexico. Kijana akionekana, msafara unasimama. Anashushwa kwenye tramu, anapigwa, koti linachanwa, suruali inavutwa, nywele zinakatwa. Anaachwa na chupi barabarani, damu usoni, watu wakimzunguka na kushangilia. Nguo zake zinarundikwa na kuchomwa moto.

Polisi walikuwa wapi? Walikuwa nyuma ya msafara. Mabaharia wakimaliza, polisi wanafika na kumkamata aliyepigwa. Zaidi ya vijana 500 walikamatwa siku zile, karibu wote wa Kimexico. Magazeti yakapongeza, na moja likafikia kuchapisha maelekezo ya namna ya kumvua mvaa zuti. Tarehe 7 Juni umati ulifika maelfu, raia nao wakajiunga. Ilibidi jeshi lenyewe liwapige marufuku askari wake kukanyaga Los Angeles. Na halmashauri ya jiji, tarehe 9 Juni, ikapitisha azimio. La kuwaadhibu washambuliaji? Hapana. La kuifanya zuti kuwa kosa la jinai. Halikufikia kuwa sheria, lakini lilipitishwa.

Hoja ya kitambaa nimeipima kwa dhati, kwa sababu vita ni vita na askari anahitaji blanketi. Lakini niambieni, mafundi. Kama tatizo ni uhaba wa sufu, nani huichana sufu? Nani huichoma moto? Kama tatizo ni suti, kwa nini waliwapiga na vijana wa Kimexico, Weusi na Wafilipino waliovaa nguo za kawaida kabisa? Na kama tatizo ni uzalendo, mbona maelfu ya vijana wa Kimexico walikuwa jeshini wakati uleule, wengine mama zao wakiwa katika mitaa ileile iliyovamiwa?

Gavana wa California, Earl Warren, aliunda tume chini ya Askofu Joseph McGucken. Tume ikasema ubaguzi wa rangi ni miongoni mwa visababishi vikuu. Meya Fletcher Bowron akakataa, akasema ni uhuni wa vijana. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, aliandika kwamba mizizi ya jambo hili ni ya muda mrefu na inahusu namna Wamexico wanavyotendewa. Gazeti la Los Angeles Times likamshukia kwa tahariri kali, likimfananisha na wakomunisti. Sikilizeni utaratibu huo, maana mtaukuta tena na tena: anayepigwa ni mhuni, anayesema ukweli ni mchochezi, na aliyeshika rungu hana jina.

Mlegezo mnaujua. Wazazi naona mnatikisa vichwa. Mwaka 2007 mji mdogo wa Delcambre, Louisiana, ulitunga sheria dhidi ya suruali iliyoshuka: faini hadi dola 500 au kifungo hadi miezi sita. Shreveport, mji mwingine wa jimbo hilohilo, ulipitisha ya kwake mwaka huohuo. Karibu wote waliokamatwa kwa sheria hiyo kwa miaka yote ilipotumika walikuwa wanaume Weusi. Ilifutwa mwaka 2019, baada ya mwanamume Mweusi kufa wakati polisi wakimfukuza kwa sababu ya suruali yake.

Februari 2012, Sanford, Florida, Trayvon Martin, mtoto Mweusi wa miaka 17, alipigwa risasi na kufa akirudi kutoka dukani, amevaa hudi, yaani sweta lenye kofia. Mtangazaji maarufu wa televisheni, Geraldo Rivera, alitamka kwamba hudi ina lawama katika kifo kile sawa na aliyefyatua risasi. Watu waliandamana New York wakiwa wamevaa hudi. Mwezi Machi mbunge Bobby Rush wa Illinois alisimama ndani ya Bunge la Marekani, akavua koti la suti, ndani akawa na hudi ya kijivu. Akaifunika kichwani, akaanza kusoma Biblia. Mwenyekiti akagonga rungu lake, mbunge akatolewa nje. Hudi hiyohiyo huvaliwa na wenye kampuni za teknolojia mbele ya wawekezaji, na hakuna anayeita polisi. Basi anayepimwa ni nani, nguo au aliyeivaa?

Wazazi wangu, sasa nakuja nyumbani, na naomba mnivumilie.

Yaliyotokea kwetu hayafanani na ya Los Angeles. Huko ilikuwa rangi. Kwetu yaliguswa mengine: jinsia, kabila, mji na kijiji. Lakini mikono ilifanya kazi ileile. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu iliendesha kampeni ya kuwavisha Wamasai suruali. Lubega, shuka linalofungwa begani, ikaitwa aibu ya taifa, na Mmasai aliyevaa shuka akazuiwa kupanda basi katika nchi yake mwenyewe. Leo shuka lilelile tunalibandika kwenye mabango ya utalii. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Hawakungoja Januari. Makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo, wengine wakashushwa kwenye mabasi na kuchaniwa nguo. Kariakoo, ndugu zangu. Mitaa ambayo baadhi yenu mna vyerehani hadi leo. Na Nairobi, Novemba 2014, baada ya mwanamke kuvuliwa nguo hadharani kwenye kituo cha basi, wanawake walijaza barabara wakisema nguo ni yao na uamuzi ni wao.

Mzazi ana haki ya kutoipenda nguo. Wazazi wengi wa Kimexico hawakuipenda zuti. Waliona inawavunjia heshima, wakagombana na watoto wao mezani. Huo ni ugomvi wa nyumbani, na nyumba zote zinao. Ninachokikataa, na nitakikataa kila nitakapopewa kipaza sauti, ni mkono wa mtu baki kwenye nguo ya mtoto wa mtu. Ninakataa pia ile sentensi inayoutangulia mkono: "Mwone alivyovaa." Ikitamkwa mara mia moja gazetini, ofisini, kituo cha basi, mkono unajiona umeruhusiwa.

Wanafunzi, nina ombi kwenu. Jumba la makumbusho la sanaa la Los Angeles lilitafuta zuti halisi kwa miaka. Mji uliofurika suti hizo, na hazikupatikana! Zilichanwa, zilichomwa, nyingine zilifichwa na wenyewe au kukatwa zishonwe nguo za watoto. Mwaka 2011 waliipata moja mnadani, wakailipia makumi ya maelfu ya dola.

Sisi tuna nini? Sketi zilizosababisha vurugu za 1968 ziko wapi? Ziko masandukuni kwa mama zetu na bibi zetu, kama bado zipo. Mafundi walioshona suruali za bugaluu na sketi zile ni wazee sasa, na baadhi yao wamekaa mstari wa mbele hapa. Nendeni kwao. Pimeni nguo hizo, chora pateni yake, piga picha ya mshono kwa ndani, andika nani aliishona, nani aliivaa, aliambiwa nini barabarani, na alijibu nini. Kama alinyamaza, andika kwamba alinyamaza. Muulizeni kwanza kama anataka kusimulia, maana wengine wanaumia mpaka leo.

Pale mezani kwa dada aliyewapokea kuna daftari. Andikeni jina, mtaa, na mzee mtakayeanza naye. Wazee mlio tayari kuhojiwa, nawaomba nanyi mjiandikishe, au mnyooshe mkono tu na mwanafunzi atawafuata mlipokaa. Mama wa kitenge cha kijani, nimeuona mkono wako. Tuanze na wewe.